Wiki moja, Noah moja na binti wa kidato cha sita: vyuo, vyakula na historia, Dar mpaka Iringa mpaka Dodoma

Dada mmoja wa Tabata kaniuliza hivi, nafupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Binti yangu yupo kidato cha sita anasoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia), mwakani ndo anaomba chuo. Mimi na baba yake hatukufika chuo kikuu kwa hiyo hatuna cha kumsimulia. Desemba tumepata likizo ya wiki moja na tuna Noah, tutakuwa mimi, baba yake, yeye, mdogo wake wa form two na mama mkwe. Nimepanga tupite Moro, Iringa, Mbeya, turudi Dodoma, Arusha, Moshi, Tanga halafu nyumbani, aone vyuo vyote vikubwa na njiani tule vyakula vya kila mkoa na tuone mambo ya kale. Kwa siku saba inawezekana? Na getini wanaturuhusu?"

Marahaba dada yangu, na hongera sana kwa kuwaza hivi, maana wazazi wengi wanasubiri mpaka mtoto kashachaguliwa ndo anaenda kukiona chuo siku ya kuripoti akiwa na begi kichwani. Mimi nimekuwa nikisindikiza vijana wa fomu siksi kuangalia vyuo miaka mingi, kwa hiyo nakujibu kama ambavyo ningempangia mdogo wangu.

Kwanza huo mzunguko wako hapana. Piga hesabu, Dar mpaka Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 800, ukirudi Dodoma ukapanda Arusha ukashuka Moshi na Tanga unakuja kukuta karibu kilomita 2,500, yaani kila siku mnakaa barabarani kilomita 350 na zaidi na trafiki wana tochi za kupima mwendo kila kijiji, sasa chuo mtakiona saa ngapi? Mtafika saa kumi na moja jioni ofisi zimefungwa, mpige picha getini, mlale, asubuhi safari. Mama mkwe miguu itamvimba na binti atarudi hajui lolote isipokuwa majina ya mageti. Kata Mbeya, kata Arusha yote. Wewe zunguka Bagamoyo, Morogoro, Iringa, Dodoma, nyumbani, ni kama kilomita 1,300 hivi, lami mwanzo mwisho, na humo ndani kuna vyuo vya kumtosha mtoto wa CBG na chakula na historia mpaka mtachagua.

Kitu ninachowaambia wazazi wote ni kwamba safari kama hii usiipange kwa kilomita, ipange kwa siku za kazi na kwa saa za kula. Chuo ukifika Jumapili umeona majengo. Chuo ukifika Jumatatu saa tatu asubuhi, ukakaa mpaka saa saba mchana, ukala na wanafunzi wanapokula, hapo umekiona chuo. Niliwahi kupeleka vijana sita chuo kimoja siku ya Ijumaa saa nane mchana, tumetoka mbali kweli, tukakuta mlinzi tu na paka, ofisa aliyekuwa atupokee keshaondoka, wale watoto walikaa kwenye ngazi wanaangalia milango. Toka siku hiyo kwangu chuo ni Jumatatu mpaka Alhamisi, na Ijumaa ni kabla ya saa sita basi.

Tarehe sasa. Desemba ni wakati mzuri kwa sababu vyuo vinakuwa kwenye semista ya kwanza, wanafunzi wapo, wa mwaka wa kwanza bado wanatafuta vyumba vya lekcha, mambo yote yanaonekana. Ila tarehe 9 Desemba ni sikukuu ya Uhuru ofisi zimefungwa, na Krismasi ikikaribia wanafunzi wanaanza kuondoka, kwa hiyo dirisha lako ni ile wiki baada ya tarehe 9. Kila chuo kina almanaka yake kwenye tovuti, ingia uangalie wasije wakawa kwenye mapumziko. Halafu wiki mbili kabla andika barua pepe kwa ofisi ya udahili au ya uhusiano, mistari minne tu, sisi ni familia, binti yetu yupo kidato cha sita kombi fulani, tunaomba kutembelea tarehe fulani saa tatu asubuhi, tunaomba mtu wa kutuzungusha. Ichapishe uwe nayo mkononi pamoja na kitambulisho. Umeuliza kama getini wanaruhusu, wanaruhusu, lakini mlinzi anapenda karatasi, ukimwonyesha karatasi anakuelekeza mwenyewe.

Mlimani usiiweke kwenye safari. UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnayo hapo hapo jijini, chagua siku yoyote ya kazi kabla ya kusafiri umpeleke binti asubuhi, na uanze nayo makusudi ili awe na kitu cha kulinganishia. Mpitishe ukumbi wa Nkrumah, lile jengo lilikuwepo nyuma ya noti ya 500 kabla haijawa sarafu 2014, umwambie chuo kilianza 1961 na vijana wachache wa sheria kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea 1970. Mwingize maktaba mpya ile iliyofunguliwa 2018, akikuta imejaa vijana wamekaa kimya atajua kusoma kwa chuo hakufanani na prepu ya shule. Halafu mle kafe, ndo aone foleni ya wali maharage saa saba ikoje.

Sasa safari. Ondokeni Jumamosi asubuhi na msipite Kibaha, piteni Bagamoyo. Najua watu watakwambia unazunguka, ni kweli unazunguka kidogo, ila unakwepa foleni ya malori ya Mlandizi na unaianza safari na bahari, maana mkishaondoka hapo bahari basi. Laleni Bagamoyo. Kaole kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale, ya zamani kabisa yanahesabiwa karne ya 13, na pale misheni ya Wakatoliki kuna makumbusho ya habari za watumwa na njia ya misafara, mwili wa Livingstone uliwekwa pale 1874 kabla haujapelekwa Zanzibar na Uingereza. Yule mdogo wake wa form two hiyo ni historia anayosoma darasani, mwache aongoze yeye. Jioni nendeni feri wanapoleta samaki, mchague wenyewe, mkaangiwe hapo hapo.

Na TaSUBa ipo Bagamoyo, wazazi wengi hawaihesabu kama chuo. Ile ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, ukibahatika unawakuta vijana wanafanya mazoezi ya ngoma. Wala sisemi binti aache CBG akacheze ngoma, nasema akione chuo ambacho mtu anafanyia mtihani zeze. Marehemu Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, alifundisha pale na akaishi pale mpaka alipofariki 2003, na ukoo wake mpaka leo wanapiga. Likariri hilo jina maana mkifika Dodoma mtalikumbuka.

Jumapili mnashika njia ya Msata. Mtapita Kiwangwa, hapo ni nanasi dada, simameni. Usinunue lile kubwa linalong'aa, nusa kitako, likinukia hilo ndo tamu, mwambie akumenyee mawili mle hapo hapo kwenye kivuli na matatu mweke kwenye gari, hiyo harufu itakaa kwenye Noah mpaka Iringa. Msata, Chalinze, jioni mko Moro.

Morogoro mji kasoro bahari, siku mbili zake zinatosha na ndiyo sehemu ambayo mimi ningeweka uzito mkubwa kuliko zote kwa mtoto wa CBG. Jumatatu asubuhi SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ukisimama pale kampasi kuu milima ya Uluguru iko mbele yako kabisa, asubuhi ina ukungu, na chuo chenyewe ni shamba, kuna ng'ombe, kuna vitalu vya miche, kuna maabara za udongo, mwanafunzi unamkuta kavaa gambuti anatoka kwenye prakiko, yaani mafunzo ya vitendo. Binti wa mjini hapo ndo anajipima kweli. Wengine wanafika wanasema mh, kilimo hapana, wengine wanafika wanasahau hata kula. Nilikuwa na binti mmoja anasema kila siku udaktari, udaktari, tulipofika idara ya misitu wakamwonyesha jinsi ya kuhesabu umri wa mti kwenye kisiki, zile duara, akapiga magoti akaanza kuhesabu kwa kidole, tumemwita mara tatu haitiki. Kwa CBG pale kuna kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, lishe, mwambie azisome zote kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, kabla ya kuja ili maswali yake yawe ya maana.

Pale pale SUA kuna wale panya wa shirika la APOPO, panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa TB. Magawa aliyepewa medali ya dhahabu Uingereza 2020 kwa kunusa mabomu Cambodia alizaliwa hapo. Panga mapema kwa simu, wanapokea wageni. Mtoto wa baiolojia akiona panya ananusa, anasimama, anakwaruza, anapewa ndizi, anaelewa somo la tabia za wanyama bila mwalimu kusema neno.

Mchana kuleni na wanafunzi, siyo hotelini. Hili nalisisitiza kila chuo. Kaeni kwa mama ntilie wa nje ya geti, agizeni wanachoagiza wao, na hapo hapo binti aanze kuuliza. Maswali ya ofisini anayajibu ofisa, ya ukweli yanajibiwa kwenye meza ya chakula. Mwambie aulize: maji hosteli yanatoka kila siku au mnabeba ndoo? Mwaka wa pili mnapata hosteli au mnahamia geto? Kitanda kimoja mnalala wangapi, yaani kubebana kupo? Bumu likichelewa mnakula wapi, kuna mama anayekopesha? Ukitoka maktaba saa nne usiku msichana anatembea mwenyewe au mnasubiriana? Kozi gani watu wanapata supu sana na nani huwa anadisko? Supu ni mtihani wa kurudia, kudisko ni kuondolewa chuo, na bumu ni hela ya mkopo ya kujikimu. Maswali haya mzazi hayajui kuyauliza na kwenye kipeperushi hayapo. Wewe na baba yake kaeni meza ya pili, msikae naye, wakiona mzazi wanafunzi wanaongea kama wako kwenye usaili.

Alasiri ya Jumatatu nendeni Mazimbu, kampasi ya Solomon Mahlangu, ni ya SUA hiyo hiyo. Ile ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ANC waliijenga kuanzia 1978, wakaipa jina la yule kijana Solomon Mahlangu aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979, na walipoondoka 1992 wakaikabidhi Tanzania. Makaburi yao yapo pale. Nimewahi kumwona mzee mmoja kwenye kundi letu anatembea kaburi kwa kaburi anasoma majina na umri kwa sauti ya chini, vijana wadogo wadogo wa miaka ishirini na kitu, na wanafunzi wetu waliokuwa wanapiga kelele wote wakanyamaza bila kuambiwa. Leo watoto wetu wanasoma ualimu wa sayansi kwenye majengo hayo hayo.

Usiku Moro kuleni matunda na mboga za Mgeta, soko la Chifu Kingalu lina kila kitu kinachoshuka mlimani. Na mama mkwe muwekeeni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz kwenye gari, yeye ndo atawasimulia.

Jumanne asubuhi Mzumbe, ni njiani kwenda Iringa, kama nusu saa hivi kutoka mjini. Wazee bado wanaiita IDM, jina lake la zamani. Ilianza 1953 kama shule ya mafunzo ya serikali za mitaa, ndo maana mpaka leo nguvu yake iko kwenye utawala, uhasibu na sheria, kwa CBG sioni sababu ya kukaa sana, saa moja na nusu inatosha ila msipite bila kuingia maana kijana wa form two huwezi jua atachukua kombi gani.

Baada ya hapo ni Mikumi. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kilomita kama 50, mwendo ni ule wa kwenye vibao na mabango yameandikwa faini ya kumgonga kila mnyama, kila mmoja na bei yake. Baba asiwe na haraka hapo. Bila kulipa kiingilio cha hifadhi mtaona tembo, twiga, swala, nyani, mkiwa kwenye barabara ya wote. Msishuke na msiwatupie nyani ndizi. Anayesoma wanyamapori SUA prakiko zake ni sehemu kama hizi, mwambie binti ahesabu aina ngapi kaziona mpaka mnatoka, mdogo wake aandike.

Ukitoka Mikumi joto linapanda, mnaingia bonde la mibuyu, mto Ruaha uko pembeni, halafu Ruaha Mbuyuni ambapo vitunguu vimepangwa barabarani kwenye nyavu nyekundu mpaka macho yanachoka. Vitunguu nunueni siku ya kurudi? Hapana, hamrudi njia hii, kwa hiyo nunueni hapo hapo, mfuko mmoja, na nyanya mtazikuta Ilula juu.

Kati ya hapo kuna Kitonga, na hapa naomba baba anisikilize. Ule mlima ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa jiwe upande wa pili korongo, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukiwa nyuma ya lori kaa nyuma ya lori. Noah ikiwa na watu watano na mizigo weka gia ndogo mapema, usisubiri ianze kulia, zima kiyoyozi, na geji ya joto iangaliwe. Utasikia harufu ya breki zilizoungua za wanaoshuka, ile harufu peke yake inatosha kumfundisha mtu adabu. Usioveteki Kitonga kwa sababu yoyote, na usipande usiku. Ndo maana nimesema Mzumbe iwe saa moja na nusu, mtoke saa tano, Kitonga mfike jua lipo.

Kabla ya kufika Iringa kuna Lugalo. Kambi ya Lugalo ya Dar mnayoisikia kila siku jina lake linatoka hapa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski wakakipiga, na Zelewski mwenyewe akafa hapo. Simameni dakika kumi.

Iringa mjini ni juu, mnatoka barabara kuu pale Ipogolo mnapanda, na mkishuka kwenye gari mtaitafuta sweta. Mbebeeni mama mkwe blanketi lake. Hapo mnalala siku mbili, kwa sababu ya Jumatano.

Jumatano asubuhi ni Mkwawa, chuo kishiriki cha ualimu cha UDSM. Ilikuwa shule maarufu ya sekondari, wapo wababa wengi wa Dar waliosoma Mkwawa High School, ikawa chuo 2005. Mtoto wa CBG anayetaka kufundisha baiolojia na kemia au jiografia, hapa ni kwake, digrii ni za UDSM ila maisha ni ya Iringa, baridi, mji mdogo, vyumba vya kupanga si ghali kama Dar, na kusoma kunakaa. Mimi nasema wazi, wasichana wengi niliowaleta hapa wametulia kuliko waliobaki mjini. Kuna pia Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU, chuo kikuu cha Wakatoliki, mji huo huo, mkipata nafasi piteni, msilazimishe.

Alasiri Kalenga, kama kilomita 15 njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Asubuhi binti katoka kwenye chuo chenye jina la Mkwawa, mchana anakwenda kumwona Mkwawa mwenyewe, maana fuvu lake lipo pale kwenye kioo. Wajerumani waliiteka Kalenga 1894, yeye akapigana porini miaka minne, 1898 akajipiga risasi ili wasimkamate, wakachukua kichwa. Mpaka mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika kwamba fuvu lirudishwe, likarudi 1954. Jumba lenyewe ni dogo, mnaweza kumaliza nusu saa, lakini msikimbie, mkae mumsikilize mwenyeji anayesimulia, mlipe kiingilio na mumwachie chochote. Mkisalimiwa kamwene itikieni vizuri, wanafurahi.

Na mvua zikishaanza mtakuta ulanzi. Hiki nataka watoto wakione kwa karibu kinavyotengenezwa, siyo kunywa tu. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, unafungiwa kikombe cha mwanzi mwenzake kinaitwa mbeta, na maji yake yanadondoka tone, tone, asubuhi na jioni mwenye shamba anapita anakata tena kipande chembamba kama ukucha ili usizibe, anamimina. Ukinywa ukiwa umetoka kugemwa muda huo huo ni mtamu kama togwa, ila unaanza kuchacha mapema. Ukilala unakuwa pombe. Sasa binti wa CBG ana kemia na baiolojia yake yote hapo, uchachu ule ni hamira ya hewani inakula sukari, muulize mkiwa hapo hapo, utaona atakavyoeleza.

Alhamisi alfajiri, kama bado mna nguvu, Isimila, kilomita 20 hivi njia ya Mbeya, zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Jiografia hiyo. Kisha mrudi mshike njia ya Dodoma, kilomita kama 260.

Mchana huo mtakula Mtera. Pale kwenye bwawa samaki wanakaangwa barabarani, perege na kambale, wamekauka vizuri wanalia krr ukivunja, pilipili na chumvi kwenye karatasi, ugali ukitaka. Msile hotelini Iringa mkashiba kabla ya kuondoka, mtajuta. Halafu mkishashuka utaona nchi imebadilika, udongo mwekundu, mibuyu, jua kali, hiyo ni Ugogo.

Ijumaa saa mbili na nusu muwe UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Ilianza 2007, ipo vilima vya Chimwaga, na ni kubwa, dada, kubwa sana, koleji moja na nyingine ni mbali, wanafunzi wanapanda bajaji na daladala ndani ya chuo. Msijaribu kukiona chote. Chagueni koleji ya sayansi asilia na ya elimu, zile anazoweza kuomba, na umwambie binti atembee kwa miguu kutoka hosteli mpaka darasani jua la saa nne likiwa juu, dakika hizo ndo miaka yake mitatu. Wengi wanaipenda UDOM kwa majengo na nafasi za hosteli, wengine jua na upepo wa vumbi vinawashinda, afadhali ajue sasa. Chakula cha hapa siyo chipsi, mtafutieni ugali wa uwele na mlenda, ule wa kukaushwa, uliza kwa mama wa Kigogo atakupikia. Mama mkwe kama anapata watu wa kwaya au wa ngoma wanapiga zeze na marimba, hapo ndo mkumbuke yule mzee wa Bagamoyo, huu muziki ndo aliotoka nao nyumbani.

Mama mkwe akiwa amechoka mkatieni tiketi ya SGR Dodoma mpaka Dar, chini ya masaa manne yuko nyumbani, treni imeanza Dodoma 2024, nanyi mnabaki na nafasi ya viti kulala. Tiketi ya wikendi ikate mapema.

Mambo ya gari kwa haraka. Vibao vya 50 viheshimuni hata kijiji kikiwa kitupu, tochi ziko, faini 30,000 ni hela ya kula chakula cha mchana familia nzima. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili viwepo. Usiku msiendeshe. Tairi zikaguliwe Dar, siyo Chalinze. Na daftari moja, binti aandike kila jioni mambo matatu kwa kila chuo: kilichonivutia, kilichonitisha, swali ambalo halijajibiwa. Msimuulize "umependa kipi" mkiwa bado barabarani, kila mtu kwenye gari atampa jibu lake na yeye litampotea la kwake. Matokeo yakitoka Julai na dirisha la maombi likafunguliwa, hilo daftari ndo litafunguliwa mezani, siyo kelele za ndugu.

Jumamosi mnarudi. Kibaigwa mtaona soko la mahindi, magunia kama vilima. Gairo simameni kwa viazi vitamu. Mkishapita Dumila, kabla ya Moro, kuna Wami Sokoine, kuna mnara pale barabarani. Tarehe 12 Aprili 1984 Edward Sokoine alikuwa anatoka Dodoma bungeni kurudi Dar, njia hii hii na uelekeo huu huu mnaokwenda nyinyi, akapata ajali hapo akafariki akiwa Waziri Mkuu. SUA ilianzishwa Julai mwaka huo huo ikapewa jina lake. Jumatatu binti atakuwa ameshinda kwenye chuo chake, kwa hiyo mwacheni ashuke yeye wa kwanza.

Ukishajibiwa barua pepe na vyuo niandikie tarehe walizokupa, nikuangalie kama Jumatatu ya SUA na Ijumaa ya UDOM zimekaa sawa. Na viazi vya Gairo nunua vile vyenye udongo bado, vilivyooshwa vinaoza kabla hamjafika Tabata.